Pawa Saplai ya Kompyuta: Soma Hii Kabla Utoe Doo

Mwaka jana niliua kompyuta yangu na mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeongeza kadi ya grafiksi, so nikaingia tao kununua pawa saplai. Nikapata moja bei ya kutupa, boksi limeandikwa wati 500. Wiki ya pili, nikiediti video ya harusi ya mteja, nikasikia "pah!" Harufu ya plastiki kuungua, skrini giza. Mazabodi ilienda nayo, hadidiski pia, na harusi ya wenyewe ikiwa ndani. Hiyo siku kumpigia bibi harusi simu ilikuwa noma.

Ndio yasikupate, angalia haya kabla ulipe.

Kwanza, hiki kidude hufanya nini?

Stima ya ukutani Kenya ni volti 240. Mashine yako ndani inataka volti 12, 5 na 3.3, na pawa saplai ndio hubadilisha. Kila kitu kinakula kupitia kwake, so ikiharibika inaweza kuenda na wengine.

1. Piga hesabu ya wati

Jumlisha wati za prosesa na za kadi ya grafiksi, kisha uongeze kama 100 za mazabodi, diski na feni. Halafu ongeza nusu ya hiyo jumla, isifanye kazi ikihema.

Mfano: prosesa ya wati 65 na GTX 1660 Super ya wati 125. Ukiweka na zile 100 unapata 290. Ongeza nusu, inafika 435. Chukua ya 450, na hiyo ndio Nvidia wenyewe wanapendekeza. RTX 3060 inakula wati 170, hapo wanasema 550. Kama ni kazi ya kutype na YouTube bila kadi ya grafiksi, 300 za ukweli zinatosha.

2. Soma stika, achana na boksi

Hapa ndio wengi huchomewa. Ubavuni kuna stika yenye jedwali. Tafuta +12V, uone ni ampea ngapi, uzidishe mara 12. Prosesa na kadi ya grafiksi zinategemea hiyo laini. Ya wati 450 ya ukweli inakaribia ampea 36. Yangu niliisoma ikishaungua: ampea 18. Hiyo ni wati 216, kwa kitu kinaitwa 500!

3. Tafuta 80 Plus

Hii alama inaonyesha stima haipotei sana. 80 Plus Bronze ikibeba nusu ya mzigo wake hupitisha karibu asilimia 85. Mashine ikitaka wati 300, ukutani inavuta kama 353, zingine zinakuwa joto. Token zako zitakushukuru. Stika inaweza kuwa feki, so tafuta modeli kwa orodha ya 80 Plus mtandaoni.

4. Una Ex-UK? Fungua kesi kwanza

Dell OptiPlex na HP nyingi za ofisi hazitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24. Zile slim nazo zina pawa saplai ya saizi yao, ya kawaida haiingii. Hesabu pini, piga picha, uende nayo dukani.

5. Makosa ya kuchoma vitu

Pawa saplai zingine za zamani ziko na swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Kenya ni 230. Ukiwasha ikiwa 115, kwaheri.

Zile za waya za kuchomoka, usitumie waya za nyingine hata kama zinaingia. Mpangilio wa pini hutofautiana, na diski zinaweza kuungua.

Na usiifungue, hata ukiwa umechomoa. Kapasita za ndani hubaki na chaji ya kukurusha.

Mwisho, mwambie muuzaji aiwashe ukiona, uchukue risiti na waranti. Ukifika kejani weka gadi ya volteji ama UPS, juu stima ikirudi baada ya kupotea huwa inakuja na nguvu.

Kama kuna msee unajua anaenda tao wikendi hii kununua, mtumie hii kwanza.