Nasaba ya Washington

Katika Uingereza ya zamani, kabla ya desturi ya kurithi majina ya ukoo kuenea, mtu alijulikana kwa jina lake na la babaye, au kwa kazi yake, au kwa mahali alipomiliki ardhi, na akihama mahali hapo, jina nalo huenda likabadilika. Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea nisba zinazomtaja mtu kwa kabila au mji wake, hatastaajabu.

Hivyo ndivyo ulivyoanza ukoo wa Washington. Mnamo karne ya 12, katika nchi ya Durham, kaskazini mwa Uingereza, palikuwa na bwana aitwaye William de Hertburn, yaani William wa Hertburn, ambaye alibadilishana milki na askofu wa Durham, akaitoa Hertburn na kupewa kijiji cha Wessyngton. Daftari ya askofu ya mwaka 1183, ijulikanayo kama Boldon Book, imeyaandika mapatano hayo pamoja na sharti zake: kulipa pauni 4, na kuhudhuria mawindo makuu ya askofu akiwa na mbwa 4 wa mbio. Alipoiacha ardhi aliliacha na jina, akawa William wa Wessyngton; na lau askofu angalikataa badala ile, pengine mji mkuu wa Marekani ungaliitwa Hertburn.

Vizazi vikapita, tawi moja likashuka kusini, na mwaka 1539, baada ya Mfalme Henry wa Nane kuzivunja nyumba za watawa na kuanza kuziuza mali zao, Lawrence Washington, mfanya biashara ya sufi aliyepata kuwa meya wa Northampton, akanunua milki ya Sulgrave. Nyumba yake ingali imesimama.

Aliyeuelekeza ukoo ng'ambo ya bahari, bila ya kukusudia, alikuwa kitukuu chake, naye pia Lawrence, kasisi wa Purleigh katika Essex. Wakati wa vita vya Mfalme na Bunge, mwaka 1643, wenye amri waliomdhania kuwa upande wa Mfalme walimtoa katika kanisa lake kwa tuhuma ya ulevi, ijapokuwa wako waliomshuhudia kuwa mtu wa staha. Nami naona tuhuma hiyo ilinukia siasa zaidi kuliko pombe. Alikufa maskini, na mwanawe John, asiye na urithi wa kumfunga nyumbani, akaingia katika jahazi la biashara ya tumbaku, akafika Virginia mwaka 1657, akaoa huko, asirudi tena kukaa kwao. Huyo ndiye baba wa babu yake George Washington.

George mwenyewe hakujishughulisha sana na jadi yake. Sir Isaac Heard, mkuu wa waandishi wa nasaba za Kiingereza, alipomwandikia kumwuliza, alimjibu mwaka 1792 kwa adabu kwamba jambo hilo hakulitilia maanani. Heard akaitunga shajara kwa kukisia, akawachukua ndugu wawili wa Sulgrave, John na Lawrence, kuwa ndio waliohamia Virginia. Watu wakaisadiki mpaka mwaka 1866, Joseph Chester alipobainisha kwamba John yule alikuwa na cheo cha Sir na Lawrence alikuwa kasisi, ilhali wahamiaji hawakuwa hivi wala vile. Mwaka 1889 Henry Waters, kwa kupekua wasia na hati za mirathi, akathibitisha kwamba yule kasisi aliyedhaniwa kuhama ndiye baba wa waliohama.

Walakini damu ni njia moja tu ya jina. Katika hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 2000, karibu tisa katika kila kumi wenye jina la Washington walikuwa watu weusi, ambao wengi wao ni dhurria ya watumwa waliojichagulia majina baada ya uhuru. Mfano ni Booker, aliyezaliwa mtumwa huko huko Virginia; alipoingia shuleni akasikia wenziwe wakitaja majina mawili au matatu, naye analo moja tu. Mwalimu alipomfikia akajibu, bila kusita, kwamba yeye ni Booker Washington. Baadaye alipopata habari kuwa mamaye alikwisha kumwita Taliaferro, akalitia katikati.