Cheti cha pua

Bandugu wa promosheni, leo nawaletea historia kidogo ya mitihani, lakini mitihani ya wanyama. Msicheke kwanza.

Kule Marekani kuna shirika la mbwa, American Kennel Club, liko tangu 1884. Mwaka 2017 lilianzisha mashindano ya kunusa: wanaficha kijiti cha pamba chenye harufu, kwa mfano ya karafuu, na mbwa anakitafuta. Akifaulu mara zinazotakiwa anapewa cheo. Siku hizi kuna hata mtihani wa video: mwenye mbwa anapiga video kwake, anatuma, jaji anaangalia akiwa mbali na kusema amepita ao hapana.

Wengine watasema hicho ni cheti cha bure. Mimi naona umbali si tatizo. Tuulize: nani alijua jibu kabla ya mtihani?

Mwaka 1904 huko Berlin kulikuwa farasi, Hans, wa mwalimu Wilhelm von Osten. Ukimuuliza tatu na mbili, anapiga kwato mara tano. Tume ya wataalamu ikamchunguza, haikuona udanganyifu. Mwaka 1907 Oskar Pfungst njo alifichua siri: Hans alikuwa anasoma mwili wa muulizaji. Kichwa kikisogea kidogo tu, anaacha kupiga. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye hajui. Watu walisimama pale pale mbele yake na bado walidanganyika.

Sasa tuvuke ziwa, twende Tanzania, ambako watu wengi wa Fizi walikimbilia tangu 1996. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1997, lilihamia Morogoro mwaka 2000, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Chuo cha kilimo, bandugu! Pale panya buku wanafundishwa kunusa baruti ya mabomu ya ardhini. Panya akisikia harufu, anakwaruza udongo, anapewa ndizi ao karanga. Ni mwepesi, hawezi kulipua bomu.

Lakini hatumwi kazini mpaka apite mtihani, na katika mtihani huo wanaomshika kamba hawajui mabomu yamezikwa wapi. Hakuna wa kumpa ishara. Hapo pua inabaki peke yake.

Panya mmoja wa Morogoro, Magawa, alizaliwa 2013, akatumwa Kambodia 2016. Septemba 2020, wakati wa korona, shirika la Uingereza PDSA lilimpa medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Sherehe ilifanyika kwa intaneti. Hakuna aliyesema medali ni ya uongo juu ilipitia kwenye video. Alipostaafu 2021 alikuwa amegundua mabomu 71 ya ardhini. Alikufa Januari 2022, na watu wanatembea leo pale alipokwaruza.

Sisi wa agronomia tunajua dawa hii. Ukilinganisha aina za muhogo, unaweka namba kwenye viwanja, anayepima asijue ni aina gani.

Basi kwa nini kopi zetu za mitihani zinabeba majina? Kila mtu hapa amesikia habari ya pointi za kununua. Lisansi zetu zinadharauliwa, eti zimetoka mbali. Mimi nasema zipewe namba badala ya majina, na anayesahihisha asiwe aliyefundisha. Tukifika hapo, hata mwanafunzi wa Lulimba aliyefungiwa na mvua ao vita anaweza kupimwa kwa simu, mbele ya msimamizi asiyejua majibu, na cheti chake kikawa na uzito. Bila hiyo, hata ukikaa Kinshasa mbele ya profesa, unaweza kuwa Hans tu.

Ninyi mnaonaje?