Jiwe la Buluu na Watu wa Mbali

Kuna wanaoniuliza: mwalimu, shida zetu hapa kambini ni maji na kuni, Misri ya kale inatuhusu nini? Mimi huwajibu kwa jiwe moja.

Jiwe lenyewe ni lapisi lazuli. Rangi yake ni buluu nzito yenye chembe zinazong'aa kama dhahabu. Wamisri walisema miungu ina nyama ya dhahabu, mifupa ya fedha na nywele za lapisi lazuli. Lakini kwao halikuchimbwa. Lilitoka milima ya Badakhshan, huko Afghanistan, zaidi ya kilomita 3,000, likipita mkono kwa mkono.

Kiko kisanamu cha mwanamke kilichochongwa kwa jiwe hilo miaka kama 5,000 iliyopita. Urefu wake ni karibu sentimita 9, sawa na kidole. Mwaka 1898 wachimbaji walikuta kiwiliwili chake peke yake huko Nekhen, kusini mwa Misri. Kichwa kilipatikana mwaka 1906. Leo viko pamoja katika makumbusho ya Ashmolean, Oxford. Miaka 8 ya kutengana! Hapa tunazo familia ambazo zimengoja kuliko hiyo.

Kingine, kidogo vilevile, kiko Louvre, Paris. Ni cha Farao Osorkon wa Pili, wa karne ya 9 KK. Mungu Osiri, wa dhahabu, amechuchumaa juu ya nguzo ya lapisi lazuli yenye jina la mfalme. Huku na huku wamesimama mkewe Isisi na mwanawe Horusi, nao wa dhahabu, wameinua mikono kumlinda. Hadithi yao Wamisri wote waliijua: Osiri aliuawa na ndugu yake Sethi, mwili ukatawanywa. Isisi akautafuta kipande kwa kipande, na mtoto akamlea mafichoni kwenye matete ya Nile. Mfalme mzima alitaka jina lake likae hapo, katikati ya familia iliyovunjwa ikakutana tena.

Na huyo Osorkon alikuwa nani? Mababu zake walikuwa Walibya. Wengine waliingia Misri wakipigana, wengine wakiletwa kama mateka, wakapewa pa kukaa. Wakazaa, wakazika wafu wao pale. Mnamo 945 KK mmoja wao, Shoshenq wa Kwanza, akakalia kiti cha Farao. Wataalamu wengi husema ndiye Shishaki wa kwenye Biblia.

Basi hesabu mwenyewe: jiwe la Afghanistan, mfalme wa ukoo wa Libya. Na bado Louvre wamekiweka upande wa Misri, na hakuna anayebisha.

Kwenye fomu zetu kuna mstari unaouliza ulikotoka. Tuujaze bila aibu, wakubwa kwa watoto. Nguzo ile nayo ina kwao, lakini miaka karibu 2,900 sasa Osiri amekaa juu yake.