Wikipedia na rekodi za michezo ya vyuo Marekani: Uiamini kiasi gani?

Chukua simu, tafuta mwanamke aliyefunga pointi nyingi zaidi katika mpira wa kikapu wa vyuo Marekani. Utaletewa Caitlin Clark wa Chuo Kikuu cha Iowa, pointi 3,951. Ukiendelea kusoma kidogo utakutana na Pearl Moore wa chuo cha Francis Marion, pointi 4,061.

Kuna aliyekosea? Hapana. Namba zote mbili ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake. Hapo ndipo wengi wanateleza wakitumia kamusi elezo za mtandaoni ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzihariri, kama Wikipedia.

Rekodi ya chama gani?

NCAA ndicho chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Lakini mashindano yake ya kwanza ya kikapu cha wanawake kwa vyuo vikubwa yalifanyika mwaka 1982. Kabla ya hapo wanawake walikuwa na chama chao, AIAW, kilichoanzishwa 1971.

Lynette Woodard wa Kansas alifunga pointi 3,649 kati ya 1977 na 1981, enzi za AIAW. Kwa hiyo Kelsey Plum wa Washington alipomaliza chuo mwaka 2017 akiwa na pointi 3,527, alitajwa kuwa kinara wa NCAA, ingawa Woodard alikuwa na nyingi zaidi. Clark alimpita Plum tarehe 15 Februari 2024, kisha akampita Woodard tarehe 28 mwezi huohuo.

Na Moore? Aliichezea Francis Marion, chuo kidogo cha South Carolina, miaka ya 1970. Katika zile pointi zake 4,061, pointi 177 alizifunga akiwa chuo kingine cha miaka miwili kabla ya kuhamia hapo. Ukizitoa anabaki na 3,884, chini ya Clark.

Ukurasa unaoandika tu "mfungaji bora wa muda wote" bila kusema umehesabu nini, unaweza kumfuta mchezaji kwenye historia bila kuandika uongo hata mmoja.

Ubingwa wa kujitangazia

Kwenye futiboli ya Kimarekani, ile ya kukimbia na mpira mkononi, mambo ni magumu zaidi. Katika daraja la juu kabisa, NCAA yenyewe haitoi ubingwa rasmi. Kwa miaka mingi bingwa alichaguliwa kwa kura za waandishi wa habari, kura za makocha, au hesabu za wataalamu mbalimbali. Mwaka mmoja ungeweza kuwa na mabingwa wawili au zaidi.

Mfano ni msimu wa 1941. Waandishi wa shirika la habari la AP waliipa Minnesota ubingwa. Alabama walipoteza mechi mbili na wakashika nafasi ya 20 kwenye orodha hiyohiyo. Hata hivyo chuo hicho kinahesabu 1941 kati ya miaka yake ya ubingwa, kwa kuwa kuna mfumo mwingine wa hesabu uliowaweka juu.

Sasa mhariri wa kujitolea aandike nini? Akiandika "Alabama ni mabingwa wa 1941", mashabiki wa Minnesota watakuja juu. Akifuta, wa Alabama watarudisha. Kurasa nzuri huandika "ubingwa unaodaiwa na chuo" na kumtaja aliyeutoa. Ukiona neno kama hilo, usiliruke.

Namba inayobadilika

Kuna pia matokeo yanayofutwa kama adhabu. Julai 2012, NCAA iliifutia Penn State ushindi wa mechi 112 kufuatia kashfa ya unyanyasaji wa watoto iliyomhusu aliyekuwa kocha msaidizi wa timu hiyo. Kocha mkuu Joe Paterno akashuka kutoka ushindi 409 hadi 298. Januari 2015 ushindi huo ukarudishwa.

Wikipedia inaweza kurekebishwa siku hiyohiyo, na hiyo ndiyo nguvu yake. Tatizo ni nakala. Mtu aliyenakili ukurasa mwaka 2013 bado anasambaza 298.

Vipi kuhusu wakimbiaji wetu?

Historia hii ina Waafrika Mashariki pia. Henry Rono wa Kenya, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978: mita 3,000, 5,000, 10,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Alitwaa pia ubingwa wa mbio za nyika wa NCAA mara tatu: 1976, 1977 na 1979. Mwaka 1980 taji hilo likaenda kwa Mtanzania Suleiman Nyambui wa chuo cha UTEP, Texas, mwaka uleule aliopata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow.

Kamusi ya kujitolea hutegemea macho ya wasomaji. Ukurasa wa futiboli ukiharibiwa, kuna maelfu ya mashabiki wa kugundua. Mbio za nyika za miaka ya 1970 zina walinzi wachache, hivyo kosa dogo la mwaka au jina linaweza kukaa muda mrefu.

Ikague kwa dakika mbili

- Bofya kinamba kidogo pembeni ya sentensi. Kama hakuna chanzo, ichukulie kama stori ya kijiweni.
- Angalia chanzo ni cha nani. Tovuti ya chuo husifia chuo chake. Kitabu cha rekodi cha NCAA au gazeti la siku ile vina uzito zaidi.
- Fungua historia ya ukurasa. Namba iliyobadilishwa jana usiku na mtu asiye na jina, isubirie.
- Soma ukurasa wa majadiliano. Ubishi mwingi wa mataji umejificha huko.
- Jiulize: rekodi ya chama gani, daraja gani, miaka gani?

Mwaka 2005 jarida la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi na kukuta makosa 162 kwenye Wikipedia, 123 kwenye Britannica. Britannica walipinga utafiti huo. Lakini hiyo ilikuwa sayansi. Kwenye michezo ya vyuo, namba inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikakupotosha.

Kwa hiyo anzia Wikipedia, usiishie hapo. Hasa kama unaandika kazi ya chuo, au unataka kumwambia mtu kwamba Pearl Moore hakuwahi kuwa wa kwanza.