Nyumba ya Mama Kabla ya Kuuzwa

Kuuza nyumba ya wazazi si jambo la furaha, na kuiuza kwa haraka ni jambo gumu zaidi. Mimi nililifanya mwaka 2023 hapa Ifakara, nikiwa na umri wa miaka 72. Ninaliandika kwa sababu wengi wa rika langu wamelipitia au watalipitia. Aidha, ninaliandika kwa sababu nilisomesha historia kwa miaka mingi, tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Kigurunyembe hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu, na katika kuisafisha nyumba ile nilitambua kwamba historia ya nyumbani kwetu sikuijua.

Haraka yetu ilikuwa na sababu. Dada yangu alianguka akavunjika nyonga, na upasuaji wake Dar es Salaam ulihitaji fedha ambazo hatukuwa nazo. Ulikuwa mwezi wa Julai, mpunga umekwisha kuvunwa. Katika bonde la Kilombero miezi hiyo ndiyo watu hushika fedha. Ikifika Novemba zimekwisha kurudi shambani. Mnunuzi alikuwa mkulima aliyeuza mpunga wake vizuri. Alitupa wiki tatu, akasema wazi kwamba tukikawia atanunua pawatila.

Mama alifariki mwaka 2022, na mahakama ya mwanzo ilikuwa imeniteua kuwa msimamizi wa mirathi. Sheria humtaka msimamizi apeleke mahakamani orodha ya mali ya marehemu katika muda wa miezi minne. Mimi nilikuwa nimepeleka orodha ya mistari sita: nyumba, shamba la mpunga, cherehani, kitanda cha mninga, baiskeli, redio. Hakimu aliipokea nami nikaona nimemaliza kazi.

Tulipofungua milango ili tuitoe nyumba mikononi mwetu, ndipo nilipoona jinsi mistari ile sita ilivyokuwa michache. Vyumba vyote vinne vilijaa hadi juu. Kulikuwa na makopo ya maziwa yaliyooshwa na kupangwa, chupa za mafuta ya taa, mifuko ya plastiki iliyokunjwa kwa mamia, vipande vya kamba, misumari iliyonyooshwa, vifuniko visivyo na sufuria na sufuria zisizo na vifuniko. Masanduku yote yaliinuliwa juu ya matofali, kwa kuwa mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliingiza maji hadi chumbani, na tangu hapo mama hakuweka tena kitu sakafuni.

Mpwa wangu, kijana mwenye nguvu, aliangalia akatikisa kichwa. "Mjomba, huu wote ni uchafu. Tuuchome." Akaanza kutoa magodoro uani na kuwasha moto. Sikumkataza. Nilidhani, kama yeye, kwamba uzee ulikuwa umemfanya mama ashindwe kutupa.

Siku ya pili tuliligundua tatizo. Mnunuzi alitaka kuona barua ya ofa ya kiwanja, na barua hiyo hatukujua ilipo. Ikabidi moto uzimwe, na kila karatasi isomwe kwanza kabla ya kutupwa. Basi nikakaa kwenye kigoda barazani, mpwa akawa ananiletea masanduku moja moja, nami ninayafungua.

Nilivyokuwa nikiendelea kufungua, nilianza kuona kwamba vitu vile vilikuwa na mpangilio. Chini kabisa vilikuwa vya miaka ya ujenzi wa reli. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Baba alipata kibarua huko, na bati la nyumba hii lilitoka katika mshahara wake. Tulikuta sururu yake, karai, na chupa ya chai ya Kichina yenye maua mekundu, kioo cha ndani kimevunjika zamani.

Juu yake zilikuwa karatasi za mama mwenyewe. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mama alikuwa mmoja wa wale waliokwenda jioni kukaa chini ya mwembe na kujifunza kusoma akiwa na watoto watano. Tulikuta kitabu chake cha kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ile iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma, ikawafikia watu wapatao milioni mbili. Pembeni aliandika kwa herufi kubwa: CHOO TUMECHIMBA.

Halafu yakafuata makopo, kamba na misumari, na hapo ndipo nilipoelewa. Vitu hivi vilikuwa vya miaka ya kuanzia 1979. Vijana wa leo huisikia miaka ile kama hadithi. Bei ya mafuta ilipanda ulimwenguni mara mbili katika muongo mmoja, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimaliza akiba ya fedha za kigeni. Viwanda vyetu vya nguo, kama Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, vikakosa vipuri. Nchi inayolima pamba ikakosa nguo. Sabuni, sukari, chumvi na mafuta ya kula vilipatikana kwa foleni, na mara nyingi foleni iliisha bila kitu. Mtu aliyeishi miaka ile hakuweza tena kutupa kopo, kwa kuwa aliwahi kuishi pasipo na kopo jingine.

Mwezi Machi 1983 serikali ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Walanguzi walikuwapo kweli, na wengi waliumizwa na ulanguzi. Lakini hofu iliingia hata katika nyumba ndogo. Watu walitupa bidhaa mitoni na vichakani usiku, wasikutwe nazo.

Mimi nilikuwa mwalimu mkuu kijana, mwenye miaka 32, na nilikuwa nimewahutubia wanafunzi wangu mstarini juu ya ubaya wa kuficha mali. Nilijua kwamba mama alikuwa na majora mawili ya bafta nyeupe, aliyoyanunua kidogo kidogo kwa fedha ya mchele na samaki aliouza stesheni. Nilipanda baiskeli nikaja nyumbani. Nilimwambia kwamba vitambaa vile vitaniponza kazi yangu, na kwamba mama wa mwalimu hawezi kuwa mhujumu. Nilitumia neno hilo. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Nimesikia, mwanangu." Juma lililofuata aliniambia amevitupa katika mto Lumemo, nami nikaridhika. Kwa miaka 40 niliamini hivyo.

Sanduku la bati la mwisho lilikuwa ndani ya kihenge cha zamani cha mpunga, chini ya magunia. Ndani yake kulikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa na daftari la shule la kurasa chache. Nililifungua nikidhani ni la madeni.

Lilikuwa na majina 31, kuanzia mwaka 1982 hadi 1985. Mbele ya kila jina palikuwa na mwezi na kipimo: yadi mbili kwa mtu mzima, yadi moja kwa mtoto. Hapakuwa na bei mahali popote. Nilisoma majina kumi nisielewe, maana niliwajua watu wale, Wakristo na Waislamu, Wandamba na Wapogoro, na sikuona walichoshirikiana. Dada yangu, aliyekuwa amelala mkekani kwa maumivu yake, ndiye aliyeniambia. "Kaka, hao wote ni marehemu. Ni sanda."

Katika miaka ile watu walikosa hata nguo ya kumzikia mtu. Wengine walizikwa kwa shuka kuukuu, wengine kwa magunia, na familia zikabaki na aibu isiyosemwa. Mama alikuwa anakwenda msibani usiku, kitambaa amekifunga tumboni chini ya khanga, anakiacha kwa wanawake wanaoosha maiti, anarudi. Dada alilijua. Alikatazwa kuniambia.

Mstari wa kumi na nne ulisomeka hivi: Septemba 1983. MTOTO WA MWALIMU. YADI 1.

Huyo ni mwanangu wa pili. Alifariki kwa malaria kabla ya kufikisha mwaka mmoja. Nakumbuka kwamba siku ile nilizunguka maduka nisipate kitu, na niliporudi nilikuta mtoto amekwisha vishwa sanda nyeupe, safi. Nilimuuliza mama ilikotoka. Alisema jirani amekopesha. Nilimtuma amshukuru jirani.

Nililifunga daftari nikakaa. Mpwa wangu aliniuliza kama tuendelee, nikamwambia kwa leo basi.

Kesho yake nilipiga hesabu kama mwalimu. Watu wazima 22 ni yadi 44, watoto tisa ni yadi tisa, jumla 53. Majora mawili ni yadi 60. Tulipima kitambaa kilichobaki sandukuni: kilikuwa yadi saba kamili. Mama, aliyejifunza hesabu chini ya mwembe, hakupoteza hata shubiri.

Barua ya ofa tuliipata siku ya tisa, nyuma ya fremu ya picha ya baba. Nyumba iliuzwa katika muda tuliopewa. Dada alifanyiwa upasuaji, na sasa anatembea kwa fimbo. Chupa ya chai ameichukua yeye, mpwa amechukua sururu, na makopo tuliwagawia majirani, ambao kwa kweli waliyahitaji.

Msomaji wangu, kama nawe una nyumba ya kuisafisha kwa haraka, nakuomba ufanye mambo mawili. Usiwashe moto kabla hujasoma karatasi. Na umwite kila ndugu aliyeishi na mzee, hata yule mgonjwa asiyeweza kubeba kitu, kwa kuwa huenda ndiye anayejua vitu vile vilikuwa vya nini.

Daftari ninalo. Mzee mmoja wa mtaa wetu alikuja baada ya kusikia habari zake, akaniomba nimwonyeshe jina la baba yake. Lilikuwa ukurasa wa pili. Aliligusa kwa kidole, akaniuliza alipozikwa mama yangu, tukaenda pamoja. Yadi saba zile hatujazikata. Dada anasema mama alijiwekea mwenyewe, na sisi tulimzika kwa sanda ya dukani kwa kutojua. Mimi sina jibu la kumpa, ila nimemwandikia mama mstari wa 32, bila kipimo.