Fahamu Usanifu Shirikishi wa Mifumo ya Kidijitali

Usanifu shirikishi ni utaratibu wa kubuni mfumo wa kompyuta au wa simu pamoja na watakaoutumia tangu hatua ya kwanza, badala ya kuwaita siku ya mafunzo wakati kazi imekwisha. Lengo lake ni kuhakikisha kwamba kiolesura, yaani sehemu ya mfumo ambayo mtumiaji huiona na kuigusa, kinalingana na kazi, lugha na uwezo wake.

Chimbuko

Utaratibu huu ulianzia Skandinavia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa kompyuta wa Norway, Kristen Nygaard, alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma ili wafanyakazi wawe na kauli juu ya teknolojia iliyokuwa ikiingizwa kazini. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo waliipeleka fikra hiyo Afrika Kusini na, kwa kushirikiana na wenyeji, wakabuni mfumo wa takwimu za afya za wilaya. Huko ndiko ulikotokana mfumo wa DHIS2, ambao leo hutumika Tanzania, Kenya na Uganda. Nchini Tanzania, mfumo huo hupokea takwimu za MTUHA, ambazo chanzo chake ni rejesta zinazojazwa na watumishi wa zahanati na vituo vya afya.

Funzo kutoka Kenya

Huduma ya M-Pesa ilipojaribiwa nchini Kenya kuanzia mwaka 2005, ilikusudiwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Wabunifu walipofuatilia jaribio hilo waligundua kwamba watumiaji walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma fedha ndiko kulikopewa kipaumbele.

Hatua zinazofuatwa

1. Kumtazama mtumiaji akiwa kazini, si kumhoji ofisini pekee.
2. Kuchora kurasa za mfumo kwenye karatasi ili mtumiaji azisahihishe kabla ya gharama ya kuunda programu.
3. Kukutana na makundi kwa nafasi tofauti, kwa kuwa mkulima huenda asiseme kwa uhuru mbele ya kiongozi wa ushirika wake.
4. Kufanya majaribio kwa simu ambazo wananchi wanazo, zikiwemo simu za kitochi.
5. Kurejesha matokeo kwa washiriki, kuwaonesha maoni yaliyofanyiwa kazi na kueleza sababu za yaliyoachwa.

Umuhimu kwa wakazi wa Njisi

Kata ya Njisi, wilayani Kyela, iko katika eneo la mpaka wa Tanzania na Malawi, ambako wakazi wengi huzungumza Kinyakyusa nyumbani na Kiswahili sokoni na ofisini. Wilaya hiyo hulima mpunga na kakao, na kakao huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia minada. Mkulima asiyeelewa ujumbe wa simu unaotaja uzito na bei huenda akalazimika kumpa mtu mwingine simu yake. Hapo huwa hana njia ya kuhakiki malipo yake, na siri ya fedha zake huwa mikononi mwa mwingine. Vivyo hivyo, muuguzi anayejaza taarifa ileile katika rejesta na katika kompyuta hupoteza muda ambao ungemfaa mgonjwa.

Msingi wa kisheria

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, kisha ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Ibara ya 4 ya Mkataba huo inazitaka nchi wanachama kushauriana na watu wenye ulemavu katika maamuzi yanayowahusu, na Ibara ya 9 inahusu ufikivu wa huduma, ikiwemo teknolojia ya habari na mawasiliano. Kwa msingi huo, mwananchi anapoitwa kutoa maoni kuhusu mfumo mpya anaweza kuuliza mambo matatu: nani ameujaribu, kwa lugha gani, na nini kilibadilishwa baada ya majaribio.