Kumiliki, Kuazima na Kutwaa: Historia Fupi ya Hesabu ya Marejeo

Mwaka 1960 wataalamu wawili wa Marekani walitoa majibu mawili kwa swali moja: kompyuta itajuaje kwamba kitu kilichomo katika kumbukumbu zake hakihitajiki tena? John McCarthy, muundaji wa lugha ya Lisp, alishauri nafasi iachwe iishe, kisha vitu visivyofikika vifagiliwe kwa pamoja. George E. Collins alishauri iwekwe hesabu ya marejeo: rejeo likiongezeka hesabu hupanda, likiondoka hushuka, na ikifika sifuri kitu hufutwa papo hapo. Mwaka 1963 J. Harold McBeth alionyesha upungufu wa njia hiyo: orodha inayojirejelea haifiki sifuri kamwe.

Njia ya hesabu ndiyo iliyofuatwa katika lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum alianza kuiunda huko Amsterdam mwaka 1989. Upungufu uliotajwa ulizibwa mwaka 2000, toleo la 2.0 lilipoongezewa mfagiaji wa mizunguko. Anayeandika kwa Python hahangaiki na hesabu hiyo; lakini anayeiandikia nyongeza kwa lugha ya C hana budi kuitunza mwenyewe, kwa amri za Py_INCREF na Py_DECREF. Akisahau kupunguza, kumbukumbu huvuja. Akipunguza mno, kitu hufutwa hali bado kinatumika.

Ili kubainisha nani ana wajibu wa kupunguza, miongozo ya Python iliazima maneno ya mali. Hapa ndipo mfasiri anapopaswa kuwa mwangalifu.

(a) Kumiliki. Mwenye rejeo hili ana wajibu wa kupunguza hesabu amalizapo kazi, au kumkabidhi mwingine wajibu huo.

(b) Kuazima. PyList_GetItem hutoa rejeo ambalo mwenyewe hubaki kuwa orodha. Kiswahili hutofautisha kukopa na kuazima: aliyekopa sukari huitumia, akabaki na deni la kulipa nyingine, aliyeazima jembe hulitumia, na jembe hubaki la mwenyewe. Tukisema “rejeo la kukopa”, msomaji atadhani ana deni, atalilipa kwa Py_DECREF, naye atakuwa amefuta mali ya mwingine. Neno sahihi ni kuazima.

(c) Kutwaa. PyTuple_SetItem huchukua umiliki wa rejeo ililopewa, hata kazi yenyewe ikishindikana. Miongozo ya asili huita jambo hili wizi. Lakini mwizi huchukua bila ridhaa, na hapa mtoaji amekabidhi kwa kujua. Lililo muhimu ni kwamba wajibu umemtoka, asipunguze tena. Twapendekeza kutwaa.

Istilahi hizi si pambo. Katika kazi hii neno moja lililokosewa laweza kuvunja programu nzima, na kosa likaonekana mbali na mahali lilipotendeka. Yafaa walimu na wafasiri wazizoeze mapema, kabla “kukopa” hakujaota mizizi.